Kardinali Josyf Slipyj, Mfungwa kwa Ajili ya Umoja

Si kila Mkatoliki husali kwa liturujia tuliyoizoea sisi. Wakatoliki wa Ukraine wanamtii Baba Mtakatifu kama sisi, lakini huadhimisha Liturujia Takatifu kwa mapokeo ya Bizanti, na baadhi ya mapadre wao wana ndoa. Tunapowakumbuka, hatuwezi kumpita Kardinali Josyf Slipyj.

Alizaliwa mwaka 1892 katika kijiji cha Zazdrist, akapadirishwa mwaka 1917, kisha akawa gambera wa seminari ya Lviv. Tarehe 22 Desemba 1939, jeshi la Kisovieti likiwa limekwisha kuutwaa mji huo, Askofu Mkuu Andrey Sheptytsky alimweka wakfu kwa siri kuwa askofu na mrithi wake. Sheptytsky alifariki Novemba 1944. Aprili 1945 Slipyj na maaskofu wenzake walikamatwa.

Kwa nini Moscow ililiogopa Kanisa hili? Huko Galicia, magharibi mwa Ukraine, kuwa mwamini wa Kanisa hili kulikuwa pia kujitambua kuwa Mukraine, si Mpolandi wala Mrusi. Aidha, mkuu wake alikuwa Roma, mbali na mkono wa serikali. Basi Machi 1946 iliitishwa sinodi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George, Lviv. Mapadre 216 walihudhuria, bila askofu hata mmoja Mkatoliki, nayo ikatangaza kuungana na Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi. Tusiwahesabie Waorthodoksi peke yao kosa hilo. Nao walikuwa wamekwisha kuonja mateso ya utawala uleule.

Slipyj alitakiwa amkane Papa. Alikataa, akakaa miaka 18 katika magereza na kambi za kazi ngumu. Nyumbani, mapadre walioponyoka waliadhimisha Misa majumbani kwa siri.

Mwaka 1963 aliachiliwa kwa juhudi za Papa Yohane XXIII. Kabla ya kuondoka Moscow, akiwa katika chumba cha hoteli, alimweka wakfu Padre Vasyl Velychkovsky kuwa askofu, ili kundi lililobaki lisikose mchungaji.

Huko Roma alianzisha chuo kikuu cha Wakatoliki wa Ukraine, akajenga Kanisa la Mtakatifu Sofia, na mwaka 1965 akafanywa kardinali. Hata hivyo hakukosa uchungu. Aliomba Kanisa lake lipewe hadhi ya upatriarka. Papa Paulo VI hakukubali. Slipyj hakuacha kudai, na baadaye alijiita patriarka. Kwetu sisi tuliolelewa katika utii wa seminari, jambo hilo ni gumu kulipima. Lakini ni vigumu pia kumhesabu muasi mtu aliyefungwa miaka 18 kwa kutotaka kutengana na Papa.

Alifariki Roma tarehe 7 Septemba 1984. Kanisa lake lilirudishiwa uhuru mwishoni mwa mwaka 1989, na mwaka 1992 mwili wake ukarejeshwa Lviv. Umelazwa chini ya Kanisa Kuu la Mtakatifu George, palepale ilipoketi sinodi ya mwaka 1946.