Ferdinand Porsche: bingwa wa gari za mbio aliyeanzia kwenye betri



Ijumaa iliyopita, baada ya sala na chakula, kahawa bado inazunguka, nyumbani kwetu hapa Maskati kulizuka ubishi ambao naamini na kwenu upo. Mtoto wa ndugu yangu anataka kuuza Land Cruiser aliyoachiwa na marehemu baba yake, aongeze pesa, anunue gari ya umeme. Shemegi yangu, ambaye tangu nimjue hajaendesha gari ya chapa nyengine, alikasirika kama katukaniwa mzee wake. Kijana akajitetea kwamba hata Porsche wametoa gari ya umeme, Taycan, tangu 2019. Shemegi akasema Porsche ya betri ni friji lenye magurudumu, na mzee Porsche mwenyewe angelifufuka leo angelikufa tena kwa fedheha.

Hapo nikaweka kikombe chini. Mimi gari ninazipenda tangu udogo, na maisha ya mzee huyo nimeyasoma sana. Nikawaambia watulie kidogo niwahadithie, na leo nawahadithia na nyinyi.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, Bohemia, wakati huo chini ya dola ya Austria na Hungary. Leo ni Jamhuri ya Czech. Baba yake, Anton, alikuwa fundi bati na alitaka mwanawe airithi kazi ile. Lakini kijijini palikuwa na kiwanda cha mazulia ambacho kilishaingia taa za umeme, na kijana akawa kama karogwa na taa zile. Mchana akigonga bati na baba yake, usiku akisoma mambo ya umeme. Hajafika hata miaka ishirini, nyumba yao ikawa na taa alizozifunga mwenyewe. Mwaka 1893 akaenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya umeme ya Béla Egger. Chuo kikuu hakuandikishwa. Akijipenyeza tu baada ya kazi, anakaa nyuma kusikiliza.

Wakati ule hakuna aliyejua gari ya kesho itakwenda kwa kitu gani. Ya petroli iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, na mkono ule ukirudi vibaya ulivunja mkono wa mtu. Ya mvuke ilitaka ungoje maji yachemke. Ya umeme, unakaa na unaondoka, kimya, bila ya moshi. Ndiyo maana Ludwig Lohner, mtengenezaji mkubwa wa magari ya farasi pale Vienna, alipotaka kuingia katika biashara hii mpya alichagua umeme, na akamchukua Porsche.

Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, watu wakaiona gari ya Lohner-Porsche. Mota zake zilikuwa ndani ya magurudumu ya mbele yenyewe. Hakuna gia, hakuna mnyororo, hakuna mkanda wa kupoteza nguvu njiani. Kijana wa miaka 24 akapata jina Ulaya nzima. Fikra hiyo ya mota ndani ya gurudumu haikufa: gari ambayo Wamarekani waliiendesha juu ya mwezi mwaka 1971 ilikuwa na mota katika kila gurudumu.

Sasa sikilizeni ila yake, muone kama si ubishi wetu huu huu. Betri za risasi zilikuwa na uzito wa kilo 410 katika gari isiyofika tani moja, na chaji ikakupeleka kiasi cha kilomita 50 tu. Tajiri mmoja wa Uingereza akaagiza yenye mota katika magurudumu yote manne. Betri zake peke yake zilifika kilo 1,800. Ukitaka kwenda mbali uongeze betri, ukiongeza betri gari inakuwa nzito, ikiwa nzito inakula chaji zaidi. Ni duara hilo, na mpaka leo wahandisi wanazunguka ndani yake, ijapokuwa betri za sasa ni nyepesi mno kuliko za risasi.

Porsche hakukaa kulitetea betri lake. Alitoa betri nyingi, akatia injini ya petroli, lakini injini ile haikusukuma magurudumu. Ilizungusha jenereta, na jenereta ikapeleka umeme kwenye mota. Kwa maneno ya leo, katengeneza haibridi, zaidi ya miaka 90 kabla ya Prius. Mwaka 1902, akiwa askari wa akiba katika mazoezi ya jeshi, alimwendesha mrithi wa ufalme, Franz Ferdinand, katika gari ya namna hiyo. Ilikwenda vizuri, lakini ilikuwa ghali, ina mambo mengi ndani yake, na inataka fundi anayejua injini na umeme pamoja. Wanunuzi wakawa wachache.

Basi mwaka 1906 akahamia Austro-Daimler na akashika petroli. Mwaka 1910 aliendesha mwenyewe gari aliyoichora na akashinda mashindano ya Prinz Heinrich kule Ujerumani. Mwaka 1923 akaenda Stuttgart kwa kampuni ya Daimler, na gari za mbio za Mercedes za miaka ile ni mkono wake. Mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe. Ukitazama mpaka hapo, huyu si mtu wa chapa moja wala wa mafuta ya aina moja. Alikwenda palipokuwa na kazi.

Na hapo ndipo palipo na doa lake, na siwezi kuliruka. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimpa kazi ya kuchora gari ya bei ndogo ya wananchi, ile tunayoijua sote kama Volkswagen ya kobe. Porsche akaingia katika chama cha Wanazi mwaka 1937. Wajerumani zaidi ya laki tatu walikatwa akiba kila wiki, wananunua stempu na kuzibandika kitabuni, wakingojea gari. Vita vikaja, kiwanda kikageuzwa cha kijeshi, na hakuna hata mmoja aliyepata gari kwa akiba ile. Ndani ya kiwanda, maelfu ya watu walifanyishwa kazi kwa nguvu, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Mtu anaweza kuwa hodari wa kutazama chuma na asitake kutazama nani anakibeba.

Vita vilimwonyesha pia ila ya ufundi wake. Jeshi lilipotaka kifaru kipya kizito, Porsche alirudia mapenzi yake ya ujanani: injini mbili za petroli zinazalisha umeme, umeme unaendesha mota. Safari hii hakusikia la mtu. Mitambo ilipata moto, ikaharibika mara kwa mara, na ikataka shaba nyingi wakati shaba ni adimu. Mwaka 1942 kampuni ya Henschel ikashinda kwa kifaru cha kawaida. Zile bodi zake kiasi cha 90 zilizokwisha tengenezwa ziligeuzwa magari ya mizinga, yakaitwa Ferdinand kwa jina lake, na yakapelekwa vitani Kursk mwaka 1943. Miaka 40 nyuma aliiacha fikra ile aliyoipenda kwa sababu haikuwafaa wanunuzi. Uzeeni akaishikilia kwa sababu ni yake.

Baada ya vita, Wafaransa walimkamata mwishoni mwa 1945, akawekwa jela, akatoka mwaka 1947 afya imeshaondoka. Mwanawe Ferry alikuwa Austria akiilea kazi, na mwaka 1948 ikatoka gari ya kwanza yenye jina la Porsche, namba 356. Mzee aliwahi kuiona. Novemba 1950 alipata kiharusi, na tarehe 30 Januari 1951 akafariki Stuttgart.

Nilipofika hapo, shemegi alikuwa anazungusha tasbihi yake, kimya. Nikamwambia mzee Porsche asingeona haya kwa Taycan. Pengine angeuliza tu betri yake ina uzito gani. Kijana akacheka, akadhani kashinda. Nikamgeukia na yeye. Nikamuuliza kwa siku anakwenda kilomita ngapi, gari atailaza wapi ipate chaji, dhamana ya betri inasemaje juu ya joto la Julai, kwani joto jingi huichosha betri mapema, na fundi wa karibu yuko wapi. Anakwenda Salalah kila mwaka na familia, kiasi cha kilomita 1,000. Je, vituo vya chaji vya njiani amevihesabu? Baadhi ya maswali alikuwa na jibu, mengine hakuwa nalo. Kasema atayatafuta.

Shemegi naye nikamwambia ukweli wake. Yeye hatetei injini. Anamtetea ndugu yetu aliyekuwa akituchukua sote ndani ya ile Land Cruiser, watoto wamekaa nyuma na kapu la chakula. Hilo ni jambo zito na lina haki yake, lakini tuliite kwa jina lake, tusilivishe nguo za ufundi.

Hawakukubaliana. Lakini jioni, wakati wa kuondoka, niliwaona wote wawili wamefungua boneti ya gari ya marehemu, wanatazama mafuta. Kijana kasema hauzi mpaka baada ya Ramadhani. Mimi naona ni muda mzuri wa kupiga hesabu.