Agustín Lara, Mtunzi wa Nyimbo za Majonzi

Leo napenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Mexico aliyewafundisha wenzake namna ya kutaja maumivu ya mapenzi. Jina lake ni Agustín Lara.

Alizaliwa katika mji wa Mexico mwaka 1897, ingawa mwenyewe alipenda kusema kwamba kwao ni Tlacotalpan, jimbo la Veracruz. Baba yake alikuwa daktari. Angali kijana, Lara alipiga piano katika nyumba za makahaba na katika sinema za zamani zisizo na sauti, apate riziki. Siku zile mwanamke mmoja alimkata usoni, akabaki na kovu shavuni hata kufa kwake.

Mwaka 1930 stesheni ya redio XEW ilifunguliwa, na nyimbo zake zikaenea nchi nzima. Nyingi zilikuwa bolero, muziki wa taratibu uliotoka Kuba. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba, lakini waimbaji hodari kama Pedro Vargas na Toña la Negra waliziimba, zikavuka mipaka.

Je, lugha yake ya majonzi ilikuwaje? Kwanza, mwimbaji husema na mpenzi wake kana kwamba yupo mbele yake. Akimkosa, huugeukia usiku na mwezi, kama katika wimbo uitwao Noche de ronda. Pili, mara nyingi aliyeachwa hatukani, bali humsifu yule yule aliyemwacha. Tatu, Lara aliwaimba kwa heshima hata wanawake waliodharauliwa na watu. Kwa hiyo, katika miaka ya 1930, wakuu wa elimu wa Mexico walizikataza nyimbo zake mashuleni, wakiziona zinaharibu tabia. Nadhani waliwaogopea watoto, wala siwalaumu kwa hilo. Lakini kumhurumia aliyeanguka si sawa na kuusifu uovu wake.

Mwaka 1945 alimwoa María Félix, nyota wa sinema, akamtungia wimbo María bonita kukumbuka siku zao katika pwani ya Acapulco. Ndoa haikudumu, waliachana mwaka 1947. Wimbo lakini haukuachika. Bibi huyo alifariki mwaka 2002, na hata leo atajwapo, watu huukumbuka wimbo ule.

Lara alifariki tarehe 6 Novemba 1970, akazikwa pamoja na watu mashuhuri wa taifa lake.

Ndugu zangu, sisi vijana tukiumizwa moyo hukimbilia maneno makali, na kesho yake twayajutia, nayo hayarudi. Lara alikuwa na kovu la mkono wa mwanamke usoni pake, kila mtu akiliona. Hata hivyo alikaa kwenye piano yake akawasifu wanawake maisha yake yote. Hilo ndilo nililojifunza kwake.