Coppi, bingwa wa baiskeli aliyeangushwa na mbu

Mkazi wa Kamenu, Thika, akipatwa na homa baada ya safari ya Kisumu au Mombasa, hahitaji kuwa daktari ili kushuku malaria. Atakwenda zahanati kupimwa damu. Tahadhari hiyo ndogo ilikosekana nchini Italia mwishoni mwa 1959, naye Fausto Coppi akapoteza maisha.

Alizaliwa Septemba 15, 1919, katika familia ya wakulima kijijini Castellania. Alipokuwa mvulana aliajiriwa na mwenye bucha mjini Novi Ligure, akawa anawapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Mwaka wa 1940, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alitwaa Giro d'Italia, mashindano ya kuizunguka nchi hiyo. Kisha vita vikamwita jeshini, na mnamo 1943 akatekwa na Waingereza huko Tunisia.

Amani iliporejea, hakushikika. Alishinda Giro mara nne zaidi, na mwaka wa 1949 akawa wa kwanza kutwaa taji hilo pamoja na Tour de France katika mwaka mmoja; akarudia mwaka wa 1952. Katika mkondo wa Cuneo hadi Pinerolo, mwaka huo wa 1949, alijitenga peke yake kwa kilomita 192 za milima mirefu. Hasimu wake mkuu, Gino Bartali, aliwasili wa pili karibu dakika 12 baadaye.

Nje ya barabara mambo hayakuwa shwari. Nduguye Serse, mwendesha baiskeli pia, alifariki mwaka wa 1951 baada ya kuanguka mashindanoni. Mnamo 1955 Coppi mwenyewe alihukumiwa kwa uzinzi, uliokuwa kosa la jinai nchini humo.

Desemba 1959 alialikwa Upper Volta, sasa Burkina Faso, kushindana na kuwinda pamoja na mabingwa wa Ufaransa, akiwemo rafiki yake Raphaël Géminiani. Waliporejea makwao, wote wawili waliugua. Madaktari wa Ufaransa waligundua malaria katika damu ya Géminiani, wakamtibu kwa kwinini, akapona. Wa Italia walitibu maradhi mengine. Coppi alifariki hospitalini Tortona, Januari 2, 1960, akiwa na umri wa miaka 40.

Géminiani aliishi hadi 2024, akafariki akiwa na miaka 99.