Blaise Pascal: Kati ya Hesabu na Hisi

Blaise Pascal alizaliwa mwaka wa 1623 mjini Clermont, Ufaransa. Babake alikuwa afisa wa kodi mjini Rouen, na ili kumpunguzia adha ya kujumlisha tarakimu usiku na mchana, kijana huyo alianza mwaka wa 1642 kuunda mashine ya kujumlisha na kutoa. Mnamo 1648 alimtuma shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Kileleni zebaki ilishuka, ikabainika kwamba hewa ina uzito. Mwaka wa 1654, kupitia barua zake na Pierre de Fermat, msingi wa hesabu za uwezekano uliwekwa.

Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo alipata tajriba nzito ya kiimani. Aghalabu husimuliwa kwamba usiku huo aliizika hisabati. La hasha! Mwaka wa 1658, akiteswa na maumivu ya jino, alirejelea fumbo la mkunjo unaochorwa na nukta iliyo ukingoni mwa gurudumu linalobingirika, akawapa wanahisabati wa Ulaya changamoto.

Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka wa 1670 kwa jina *Pensées*, Pascal alitofautisha akili za aina mbili. Akili ya jometri hufuata misingi michache, iliyo bayana ingawa i mbali na mazoea ya watu, na huenda hatua kwa hatua. Akili ya hisi hukabili misingi iliyo mbele ya macho ya kila mtu, lakini mingi na myembamba mno, hivi kwamba sharti ionwe kwa mara moja. Anayedai fasili kabla ya kumwelewa jirani yake huwa kichekesho. Naye aliyezoea kuhisi tu hukata tamaa aletewapo fasili. Hata nambari, wakati na nafasi, kwa maoni yake, moyo huvitambua kwanza, kisha akili ikajenga juu yake. Hoja hii ina uzito hasa kwa kuwa ilitoka kwa bingwa wa hesabu.

Mwezi Machi 1662 alishiriki kuanzisha magari ya farasi ya abiria jijini Paris, yenye njia na nauli maalumu. Babu wa matatu, ukipenda. Alifariki tarehe 19 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 39. Baadaye mtumishi aligundua karatasi iliyoshonewa ndani ya bitana ya koti lake: kumbukumbu ya usiku ule wa Novemba.