Maisha ya Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, Kadhi wa Unguja

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ewe ndugu msomaji, hizi ni khabari za mmoja katika wanavyuoni wakubwa wa pwani yetu, aliyekaa karibu na Masultani miaka mingi, akatumwa katika mambo ya utawala na siasa, na huku mkononi mwake imo mizani ya sheria. Mambo mawili haya ni mazito kuyachukua pamoja. Mwenye kukaa karibu na mfalme huogopwa na watu, na kadhi haifai kuogopwa ila na aliyedhulumu. Kwa ajili hii wema waliotangulia waliukimbia ukadhi, hata Imamu Abu Hanifa akakubali kifungo kuliko kuushika.

Sheikh Abdulaziz alizaliwa Barawa, katika pwani ya Somalia, katika muongo wa 1830. Nasaba yake hurudishwa kwa Bani Umayya, ndiyo maana akaitwa Al-Amawi. Alisoma Unguja kwa Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, naye asili yake ni Barawa vilevile, aliyekuwa kadhi katika zama za Sayyid Said bin Sultan. Elimu ikamkaa upesi. Hajatimiza miaka 20, Sayyid Said akamfanya kadhi wa Kilwa. Fikiri, ewe msomaji: Sultani ni Ibadhi, na kijana huyu ni Shafii, walakin Sultani alitazama elimu, hakutazama madhehebu wala ndevu.

Na Kilwa ya siku zile haikuwa mji mdogo. Ilikuwa bandari ya misafara itokayo Ziwa Nyasa, na mali yake kubwa ilikuwa pembe na watumwa. Palipo na mali nyingi hapakosi ugomvi wa deni, na palipo na safari ndefu hapakosi mirathi ya waliokufa njiani. Hayo yote huja mbele ya kadhi.

Baadaye akahamia Unguja, akahukumu huko mpaka mwaka 1891. Desturi ya Unguja ilikuwa kuwa na makadhi wa namna mbili, Ibadhi na Shafii, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake, na juu yao wote Sultani katika baraza lake. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, akatawala Sayyid Majid hata 1870, kisha Sayyid Barghash hata 1888, kisha Sayyid Khalifa, kisha Sayyid Ali aliyeshika kiti mwaka 1890. Basi Sheikh huyu aliutumikia ukadhi katika zama za Masultani watano.

Wala kazi yake haikuwa ya hukumu peke yake. Masultani walimtaka shauri, na Sayyid Barghash alimtuma kuwa mjumbe wake, mara visiwa vya Ngazija, mara nchi za mto Ruvuma, naye akaandika khabari za safari zake. Zama zile zilikuwa za hatari. Wadachi waliingia bara mwaka 1885. Mwaka 1886 Wazungu wakamwachia Sultani katika bara ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Na mwaka huo huo Wafaransa wakatia himaya yao juu ya Ngazija. Katika wakati kama huo mjumbe mwenye elimu ni hazina, kwani penye Waislamu neno la mwanachuoni hufika mahali ambapo bunduki haifiki.

Wakaja na wamisionari wa Kiingereza, wakakaa Unguja tangu 1864, wakajenga kanisa lao Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Sheikh Abdulaziz hakuwakimbia, wala hakuwatukana. Alimsaidia Edward Steere, aliyekuwa askofu wao baadaye, katika mambo ya lugha ya Kiswahili, na katika dini alijadiliana nao kwa hoja. Mwenye kuijua dini yake haogopi kuulizwa.

Aliandika katika tauhidi, fiqhi, nahau na tasawufu, akaanza kamusi ya Kiswahili na Kiarabu asiimalize. Naye alikuwa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya.

Mwaka 1890 Unguja na Pemba ziliingia katika himaya ya Waingereza. Mwaka uliofuata Sheikh aliuacha ukadhi, ukashikwa na mwanawe, Sheikh Burhan. Akafariki mwaka 1896.

Enyi ndugu zetu wa Konde na Pemba yote, mahakama za kadhi zingalipo kwetu hata leo, na mbele yake huja mke aliyeachwa na yatima aliyenyimwa fungu lake. Basi tuzingatie haya. Cheo cha utawala hupita pamoja na mwenye kukitoa, na hukumu hubaki shingoni mwa aliyeihukumu mpaka Siku ya Hesabu. Anayetaka mwanawe aheshimiwe na wafalme na amfundishe elimu kwanza, maana mlango aliopitia Sheikh Abdulaziz haukuwa mali wala ukoo, ulikuwa chuo.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie makadhi waadilifu. Amin.