Habari za Ibn al-Haytham na Ilimu ya Nuru

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 354 wa Hijra (965 Miladia). Alikuwa hodari wa hisabu, hata akadai kwamba lau angekuwa Misri angeyatawala maji ya Nili. Khalifa al-Hakim akamwita. Alipokwea mto hadi karibu na Aswan na kuona majengo ya watu wa kale, alitambua ya kuwa haliwezekani. Na al-Hakim hakuwa mtu wa kuvunjiwa ahadi. Basi akajifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 411 (1021).

Kisha alikaa karibu na Msikiti wa Azhar, akila kwa kunakili vitabu. Kitabu chake kikubwa ni al-Manadhir, juzuu saba. Wengi walidhani jicho ndilo litoalo miali. Yeye alithibitisha kuwa nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Na nani asiyeumia akilikazia jua macho?

Msafiri wa Kilosa na Mikumi huyaona mambo yake. Shina la mkumi huizuia nuru, likatupa kivuli. Maji ya Mkondoa yakitulia huipitisha, lakini huipinda, ndipo fimbo iliyochovywa huonekana imevunjika. Ulanga wa milima ya Uluguru, jani jembamba huangaza. Lipate unene, nuru hufifia. Kwake yeye hata hewa ina uzito kidogo mbele ya nuru, maji zaidi, na kioo zaidi tena.

Alifariki Misri yapata mwaka 431 (1040). Kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572.