Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye baiskeli

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KABLA hujauliza ukurasa wa soka umepotelea wapi, tulia kidogo. Mpira wa kwanza wa upepo ambao John Boyd Dunlop aliutengeneza kwa ajili ya gurudumu ulijazwa kwa pampu ya mpira wa miguu. Pampu yenyewe ilikuwa ya mwanawe. Mwaka ni 1887, mji ni Belfast, Ireland. Na kwa Kiswahili chetu jambo hilo lina raha yake, maana kandanda ni mpira, tairi ni mpira, na ule utomvu unaogandishwa kutoka kwenye mti nao ni mpira.

Jina la Dunlop kila mtu analijua, limeandikwa ubavuni mwa matairi. Mtu mwenyewe ndiye hajulikani. Nimeamua kumwandika kwa sababu ya ubishi ambao ukikaa na vijana wa baiskeli hapa Pemba hauishi: barabarani linakimbia tairi gani, jembamba au pana? Wengi wanashikilia jembamba. Lami ya Chake Chake kwenda Mkoani imewapa moyo, na baiskeli za mtumba za mashindano zinakuja na matairi membamba kama kidole gumba. Phoenix ya mzee, iliyobeba magunia ya karafuu miaka yote, wanaiona ni chombo cha shamba tu. Ubishi huo Dunlop aliushuhudia ukiamuliwa uwanjani zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Alizaliwa Februari 5, 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, mtoto wa mkulima. Akasomea udaktari wa mifugo Edinburgh. Mwaka 1867 alivuka bahari na ndugu yake James, wakafungua kliniki ya mifugo Downpatrick, Ireland, kisha akahamia Belfast, mtaa wa May Street. Kufikia miaka ya 1880 kliniki yake ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa Ireland. Kwetu hapa, penye mchezo wa ng'ombe, angepata kazi siku ya kwanza.

Hakuwa mwanamichezo. Hakuwa fundi baiskeli pia. Alikuwa mtu wa farasi na ng'ombe, mwenye ndevu nyingi, aliyekaribia miaka 48 wakati jambo lililompa jina lilipomkuta nyumbani kwake.

Mwanawe Johnny alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Wakati ule magurudumu yalizungushiwa ukanda mwembamba wa mpira mgumu usio na tundu wala upepo. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Mtoto akipanda, mifupa inagongana. Mpira ule mgumu ulikuwa unafyonza kidogo sana, na kila jiwe lilikuja moja kwa moja hadi kwenye mikono na mgongo.

Dunlop akachukua duara la ubao lenye upana wa karibu sentimita 96. Akagundisha karatasi nyembamba ya mpira ikawa bomba, akalizungushia ubao ule, akalifunika kwa kitambaa cha kitani alichokipigilia misumari, akatia upepo kwa ile pampu. Halafu akafanya jaribio ambalo hata mtoto angelielewa. Alilisukuma gurudumu la baiskeli ya mtoto, lile la mpira mgumu, uani kwake. Likaenda, likalegea, likaanguka kabla ya kumaliza ua. Akasukuma lile la upepo. Likavuka ua wote, likagonga nguzo ya geti na kurudi nyuma.

Hapo ndipo penye siri yote, na ndipo vijana wetu wanapokosea. Watu wanadhani tairi laini linakula nguvu na tairi gumu linateleza. Uani pale Dunlop aliona kinyume chake. Gurudumu gumu likikutana na jiwe halina pa kulipokelea. Linanyanyuka lote, na aliyepanda ananyanyuka nalo, na nguvu iliyokuwa ikupeleke mbele imeishia juu. Lenye upepo linabonyea palepale jiwe lilipo, jiwe linapita, safari inaendelea.

Alipata hati ya ugunduzi Desemba 7, 1888. Bado dunia ya baiskeli haikumwamini. Matairi yake yalikuwa manene kwa macho ya wakati ule, na mashindano yalikuwa ya watu wa ukanda mwembamba. Waliyaona kama matumbo yaliyojazwa upepo.

Ndipo anaingia Willie Hume, nahodha wa klabu ya baiskeli ya Belfast Cruisers. Hakuwa jina la kutisha, ila alikubali kupanda baiskeli yenye matairi ya daktari wa mifugo. Mei 18, 1889, kwenye mashindano ya Queen's College mjini Belfast, watu walimcheka alipoingia na mipira yake minene. Aliingia mbio nne, akashinda zote nne. Baadaye kidogo akavuka kwenda Liverpool, akashinda mbio zote alizoshiriki isipokuwa moja. Kumbuka huo ndio mwaka ambao Preston North End walimaliza ligi ya kwanza kabisa ya England bila kufungwa mechi hata moja. Preston walikuwa na kikosi kizima cha kuwabeba. Hume alikuwa na upepo tu.

Sasa twende kwenye hesabu za leo. Phoenix na ndugu zake wengi hutumia tairi la 28 kwa 1½, yaani upana wa inchi moja na nusu, karibu milimita 38. Baiskeli za mashindano za miaka ya nyuma zilikuwa na milimita 23, nyingine chini ya hapo. Upepo unaobebwa ndani hauongezeki kidogo kidogo kama upana unavyoonekana kwa macho. Tairi la milimita 28 linabeba karibu mara moja na nusu ya upepo wa lile la 23. La 38 linabeba zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo tairi jembamba, ili lisibonyee hadi kwenye ringi, linakulazimu ulijaze mpaka liwe gumu kama ubao. Ukishafanya hivyo umerudi kwenye ukanda mgumu wa Johnny.

Kuna jingine. Chukua matairi mawili ya aina moja, moja jembamba na moja pana, yajaze upepo wa nguvu sawa, yabebe uzito sawa. Eneo linalogusa barabara ni karibu lilelile kwa yote mawili, ila la jembamba limerefuka na la pana limekuwa fupi na kutanuka. Ule urefu ndio unaofanya ubavu wa tairi ukunjike zaidi kila linapozunguka, na kukunjika huko ni nguvu inayopotea. Kwa hiyo lile pana, mambo mengine yakiwa sawa, linabingirika kwa wepesi zaidi. Wataalamu wa mbio walichukua miaka mingi kulikubali hilo, lakini wamelikubali. Kwenye Tour de France, ambako zamani kila mtu alikuwa kwenye 23 au chini, leo 28 ni jambo la kawaida na wengine wanapanda 30. Paris–Roubaix yenye barabara za mawe wanapanua zaidi ya hapo.

Sisemi pana halina gharama. Ni zito zaidi, utalisikia ukipanda vilima vya njia ya zamani ya Chake kwenda Wete. Na ukifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upana unaanza kukamatana na upepo wa mbele, ndiyo maana mabingwa hawavai matairi ya pikipiki. Lakini jamani, nani kati yetu anakwenda 40 kwa saa nusu nzima? Hesabu ya kweli ya Pemba ni lami yenye viraka, mchanga uliomwagika kwenye kona, na kipande cha udongo kabla hujafika nyumbani. Ukienda Konde ukakutana na shimo ukiwa kwenye 23, tyubu inabanwa kati ya shimo na ringi, inatoboka matundu mawili sambamba, unasukuma hadi kwa fundi.

Ukiniuliza mimi, kijana wa lami tupu achukue 28 kwenda 32 kama uma wa baiskeli na breki vinaruhusu. Anayekwenda shamba na kurudi abaki na inchi moja na nusu yake, wala asione haya. Anayebeba mzigo hata asifikirie kushuka.

Tahadhari moja, maana inawaliza wengi dukani: soma namba ndogo ubavuni. Tairi la Phoenix la 28 kwa 1½ linakaa kwenye ringi ya milimita 635. Tairi la baiskeli ya mashindano, la 700, linakaa kwenye ringi ya 622, nalo wengine huliita 28 vilevile. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini halitaingia, au litapwaya. Ukiona 28-622, namba ya kwanza ni upana, ya pili ni ringi.

Turudi kwa mzee. Kati ya waliofungwa na Hume walikuwamo watoto wa Harvey du Cros, mkubwa wa chama cha waendesha baiskeli Ireland. Baba yao hakununa. Aliona biashara. Mwaka 1889 kampuni ikaundwa Dublin, Dunlop akatoa hati yake na kupewa hisa 1,500.

Muda si mrefu likaja pigo. Aliambiwa hati yake haina nguvu, kwa sababu Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alishasajili wazo hilo miaka ya 1840, wakati baiskeli yenyewe haijawa na soko. Thomson alikuwa ameshakufa tangu 1873. Kilichoiokoa kampuni ni du Cros kununua hati za wengine walioongeza vipande vilivyokosekana: tairi la Charles Welch lenye waya pembeni, ambalo unalivua na kulirudisha mwenyewe, na baadaye valvu ya Woods. Kabla ya hapo tairi lilikuwa limegundishwa, na pancha moja ilikuwa shughuli ya siku. Hiyo valvu yenye kijimpira chembamba ndani, ambayo baiskeli nyingi za mizigo bado zinatumia, wengi wanaiita valvu ya Dunlop. Si yake.

Tairi lilipokubalika, dunia ikalilia mpira, na hapa hadithi inatusogelea. Februari 1887, miezi michache kabla ya jaribio la uani, Tippu Tip wa Unguja alikubaliana na Stanley kuwa liwali wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mpira wa msituni ulipopanda bei, watawala wa Leopold waliwalazimisha wanavijiji wa Kongo kuugema kwa mtutu wa bunduki. Walioshindwa kufikisha kiasi walichapwa, waliuawa, na wengi walikatwa mikono. Dunlop hakukanyaga Kongo wala hakuagiza hayo. Lakini huwezi kuandika maisha ya tairi la upepo ukaruka hapo.

Yeye mwenyewe alijiondoa kwenye kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata du Cros aliiuza kwa pauni milioni 3 kwa mfanyabiashara Terah Hooley, naye Hooley akaiuza tena muda mfupi baadaye kwa pauni milioni 5. Fedha hizo zilipita juu ya kichwa cha aliyepigilia misumari kwenye ubao. Alibaki Dublin na biashara ya vitambaa, si maskini, lakini hakuwa tajiri wa matairi kama watu walivyodhani.

Kilichobaki kwa kampuni ni jina na sura. Picha ya kichwa chake chenye ndevu ikawa nembo, na hilo aliliridhia. Kisha matangazo yakaanza kumchora mwili mzima kama mzee mtanashati: kofia ndefu nyeupe, fulana nyeupe ya suti, bakora mkononi na miwani ya jicho moja. Mzee akakasirika. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kazi, na watu wa Dublin wakimwona njiani walikuwa wanamwona yule wa kwenye tangazo. Akaishitaki kampuni yenye jina lake.

Kampuni ilijitetea kwamba iko England na mahakama ya Ireland haina mamlaka juu yake. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, London, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho. Malodi wakaamua kwamba mzee ana haki ya kusikilizwa Ireland, kwa kuwa matangazo yalikuwa yanabandikwa hukohuko mbele ya majirani zake. Hukumu hiyo, Dunlop dhidi ya Dunlop, bado iko kwenye vitabu vya sheria vya 1921.

Oktoba 23 mwaka huohuo alifariki nyumbani kwake Ballsbridge, Dublin, akiwa na miaka 81. Alizikwa Deans Grange. Kumbukumbu alizoandika kuhusu tairi lake zilichapishwa na bintiye baada ya kifo chake.